Kulala kwa Wenyeji Kwenye Safari Ndefu ya Pikipiki: Mwongozo kwa Anayeanza

Kila anayejiandaa kwa safari yake ya kwanza ndefu ya pikipiki huniuliza maswali yale yale. Nitampataje mtu wa kunipa pa kulala? Nimlipe? Pikipiki italala wapi? Nikae siku ngapi? Nimeyajibu mara nyingi kwa simu na kwa ujumbe, kwa hiyo sasa nayaandika yote mahali pamoja.

Nianze na jambo ninaloliamini kuliko mengine yote. Mtu aliyekubali kukulaza haoni taabu kutoa godoro wala sahani ya ziada. Taabu yake ni kutojua: utafika saa ngapi, mko wangapi, utaondoka lini. Safari moja niliahidi kufika jioni, nikapata pancha mbili njiani, na simu ikazima kwa kukosa chaji. Nilipogonga geti ilikuwa saa tano usiku. Taa ya barazani ilikuwa bado inawaka. Chakula kilikuwa mezani, kila sahani imefunikwa kwa sahani nyingine, na watoto wawili walikuwa wamepitiwa na usingizi kwenye kochi wakiwa na viatu miguuni, kwa sababu walikuwa wameahidiwa kuiona pikipiki. Hakuna aliyenilaumu hata kwa nusu neno, na hilo liliniuma zaidi. Tangu siku hiyo naanza na saa ya kufika kwa mwenyeji, kisha ndipo napanga mengine ya siku nzima.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Pasipoti, leseni, kadi ya pikipiki na bima, pamoja na nakala zake: seti moja kwenye karatasi, nyingine kwenye simu.
- Simu yenye ramani zilizopakuliwa kabisa. Organic Maps na OsmAnd zinafanya kazi bila mtandao.
- Powabenki iliyojaa, na waya wa kuchajia simu kutoka kwenye betri ya pikipiki.
- Shuka lililoshonwa kama mfuko, au begi la kulalia. Hapo humwongezei mwenyeji mzigo wa kufua.
- Ndala na nguo moja safi ya kuvaa ndani ya nyumba, kwenye mfuko wake unaoshika kwa mkono mmoja.
- Kibao cha kuweka chini ya stendi ya pembeni. Mbao ya sentimita 10 kwa 10 inatosha, yenye tundu na kamba ndefu ya kuivutia.
- Kipande cha turubai au boksi la kutandika chini ya injini.
- Hema dogo, hata kama umepanga kulala ndani kila siku.
- Tochi ya kichwani na vizibo vya masikio.
- Pesa ya usiku mmoja wa nyumba ya wageni, iwe kwenye mfuko ambao huugusi kwa jambo jingine lolote. Akiba haiozi, na nitaeleza mbele kwa nini hii ni ya usalama.

Hatua ya 1: Chagua mtandao unaolingana na safari yako

Kuna mitandao kadhaa ya wenyeji wanaojitolea kulaza wasafiri, na kila mmoja una tabia yake.

Bunk-a-Biker ni ya waendesha pikipiki wenyewe kwa wenyewe. Mwenyeji hutoa alichonacho: kitanda, kochi, nafasi gerejini au uwanja wa kupiga hema. Mara nyingi utampata mtu anayejua spana, na hilo lina thamani kuliko godoro. Horizons Unlimited ina jumuiya za wasafiri wa pikipiki katika miji mingi duniani. Watu wake hawaahidi malazi. Watakuelekeza kwa fundi, watakueleza hali ya barabara na mpaka, na wengine wakishakufahamu watakukaribisha nyumbani.

Couchsurfing ilianza mwaka 2004 na ina wanachama wengi, ila tangu 2020 katika nchi nyingi wanachama hulipia uanachama. BeWelcome ilianza mwaka 2007, ni ya bure, na inaendeshwa na watu wanaojitolea. Servas ni ya zamani kuliko hizo zote: ilianza mwaka 1949, kwa lengo la kujenga amani kupitia ugeni. Hujiungi nayo siku hiyo hiyo, kwa sababu kuna mahojiano kwanza. Ianze mapema.

Onyo: usiombe malazi Warmshowers. Ule ni mtandao wa waendesha baiskeli peke yao. Kila msimu kuna mtu wa pikipiki anajiingiza kwa kuona kwamba naye ana magurudumu mawili, kisha anashangaa kukataliwa.

Hatua ya 2: Tengeneza wasifu unaoeleweka

Weka picha mbili: moja uso wako bila kofia ngumu, nyingine pikipiki yako ikiwa na mabegi yote. Ya pili ni ya lazima. Mwenyeji anataka kujua kama hicho chombo kitapita kwenye geti lake. Andika unatoka wapi, unaelekea wapi, unazungumza lugha zipi, unavuta sigara au la, na kuna chakula gani usichokula.

Kama hujawahi kulazwa na mtu yeyote wa mtandao huo, wakaribishe wengine kwanza, au kutana na wanachama wa mji wako ili wakuandikie neno. Wasifu usio na maoni hata moja hukataliwa mara nyingi, na kwa haki kabisa.

Hatua ya 3: Pima siku yako kuanzia jioni

Siku ya kulala kwa mwenyeji si siku ya kukimbiza kilomita. Kama kwa kawaida unaenda kilomita 450, siku hiyo weka 300. Kwenye lami inayopita vijijini, ukijumlisha kujaza mafuta, kula na kunyoosha mgongo, usihesabu zaidi ya kilomita 60 kwa saa. Kwenye vumbi na kokoto gawanya kwa mbili. Kisha rudi nyuma: kama unataka kufika saa kumi jioni na una kilomita 300, unatakiwa uwe barabarani kabla ya saa tano asubuhi. Toka saa mbili, na ukipata pancha bado utakuwa ndani ya muda.

Usimwahidi mtu yeyote kwa siku unayovuka mpaka. Mpaka unaweza kukuachia kwa saa moja, unaweza kukushikilia hadi jioni. Siku hiyo lala nyumba ya wageni upande wa pili, na mwenyeji mwombe kwa siku inayofuata.

Hatua ya 4: Andika ombi

Tuma siku saba hadi kumi kabla. Ukituma mwezi mzima mbele, atakubali kisha asahau. Ukituma leo kwa ajili ya leo, umemweka mtu kwenye kona. Soma wasifu wake mpaka mwisho kwanza. Wengi huficha humo swali dogo au neno la kutaja, ili wajue nani amesoma na nani anatuma ujumbe mmoja kwa watu ishirini.

Mfano ninaoutumia ni huu:

*"Habari za leo. Naitwa ___. Nasafiri kwa pikipiki kutoka ___ kwenda ___, niko peke yangu. Nitapita mji wenu Jumanne tarehe ___ na ninaomba hifadhi ya usiku mmoja. Nitafika kati ya 16:00 na 18:00, nitaondoka Jumatano 08:00. Nina begi langu la kulalia na hema, kwa hiyo hata uwanja unatosha. Pikipiki yangu ina upana wa mita moja pamoja na mabegi, na ingefaa ilale ndani ya geti kama inawezekana. Nimeona kwenye wasifu wako kwamba unafuga nyuki. Ningependa sana kusikia habari zao. Kama tarehe hiyo haifai, nijibu tu hapana, nitaelewa kabisa."*

Mambo matatu humo usiyaache. Siku na saa ya kufika, siku na saa ya kuondoka, na mlango wa kukataa bila aibu. Mtu aliyekubali kwa sababu alishindwa kusema hapana hatakulaza vizuri, na wewe hutalala vizuri.

Omba usiku mmoja, au mbili kama kuna sababu ya kweli. Akitaka ukae zaidi, atasema mwenyewe.

Hatua ya 5: Thibitisha, na angalia saa

Siku mbili kabla, tuma ujumbe mfupi wa kuthibitisha na umwombe alama ya mahali kwenye ramani. Anwani peke yake haitoshi, hasa mitaa inayofanana majina. Nakili namba za latitudo na longitudo kwenye karatasi. Simu ikizima, karatasi haizimi.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tuna hatari yetu wenyewe. Saa kumi jioni kwako ni saa nne kwenye saa ya mwenyeji wa lugha nyingine, na ukitumia programu ya kutafsiri, "saa kumi" inaweza kugeuka kumi ya asubuhi au ya usiku. Andika kwa tarakimu za saa 24: 16:00, 18:30. Na ukivuka mpaka unaobadilisha majira, hesabu kwa saa ya kwake, siyo ya kwako.

Hatua ya 6: Ulizia sheria ya kumwandikisha mgeni

Wengi hawaijui hatua hii mpaka iwakute. Zipo nchi ambazo mgeni kutoka nje akilala kwenye nyumba ya mtu binafsi, ni lazima mamlaka zijulishwe. China, mgeni anatakiwa kuandikishwa polisi ndani ya saa 24. India, anayemlaza mgeni wa kigeni anatakiwa kujaza fomu ya kuzijulisha mamlaka ndani ya saa 24. Kukiuka kunaweza kumletea mwenyeji wako matatizo baada ya wewe kuondoka. Kwa hiyo muulize waziwazi: "Je, kuna mahali tunatakiwa kuandikisha kwamba nimelala kwako?" Akikuomba pasipoti apige picha kwa ajili hiyo, mpe nakala, au mwende pamoja. Asili usiiache mikononi mwa mtu usiku kucha.

Hatua ya 7: Siku ya kufika

Asubuhi tuma neno moja: "Nimetoka." Ukisimama kwa chakula cha mchana, tuma muda mpya kama umebadilika. Hata dakika arobaini za kuchelewa zinastahili ujumbe.

Kilomita kumi au ishirini kabla ya kufika, simama kituo cha mafuta na fanya mambo manne. Jaza tangi. Nawa uso, futa vumbi. Angalia kama kuna oili inayovuja. Mtumie mtu wako wa nyumbani jina la mwenyeji na alama ya mahali unapolala.

Tangi lijae jioni, siyo asubuhi. Ukifika ukaona mazingira hayakupendezi, mafuta ndiyo yanayokupa uhuru wa kugeuza na kuondoka. Pamoja na ile pesa ya nyumba ya wageni, hutalazimika kulala mahali ambapo moyo umekataa.

Usifike mapema pia. Mtu aliyekuambia saa kumi na mbili huenda saa tisa yuko kazini, au anafagia. Subiri mahali, unywe maji.

Hatua ya 8: Dakika kumi za kwanza

Zima injini nje ya geti. Vua kofia ngumu na miwani kabla hujagonga. Mtu aone uso. Salimia wote, ukianza na wakubwa, na uwataje kwa heshima wanayopeana wao kwa wao. Ukisikia kijana anamwita mzee wa nyumba kwa neno fulani la heshima, litumie. Usianze kufungua mabegi. Uliza kwanza: "Pikipiki niiweke wapi?" halafu "Buti niziache wapi?" Maswali hayo mawili yanamwonyesha kwamba unajua umeingia nyumbani kwa mtu.

Watoto watakuja. Waambie mapema, kwa upole na kwa kuonyesha kidole, kwamba bomba la moshi linaunguza hata injini ikiwa imezimwa. Kaa upande wa bomba mpaka lipoe. Mtoto aliyeungua mguu nyumbani kwa mwenyeji ni jambo ambalo hakuna zawadi ya kulifuta.

Hatua ya 9: Ilaze pikipiki vizuri

Hapa nakaa kidogo, maana makosa mengi hutokea hapa.

Pikipiki ya safari ikiwa na mizigo inaweza kuzidi kilo 250, na uzito mkubwa wa upande mmoja unasimamia kipande cha chuma kidogo kuliko kiganja. Kwenye udongo uliolowa kipande hicho huzama polepole. Huoni kitu unapoegesha. Usiku mvua ikinyesha, stendi inashuka sentimita moja, mbili, tano, na alfajiri pikipiki iko chini juu ya maua ya mwenye nyumba, petroli inachuruzika kwenye majani. Kile kibao cha sentimita 10 kinazuia hayo yote. Kiweke kila mara, hata kwenye lami wakati wa joto kali, kwa sababu lami nayo hulainika. Acha gia namba moja ili isiteleze mbele.

Tandika turubai au boksi chini ya injini na chini ya mnyororo, hata kama pikipiki yako haivuji. Tone moja la oili kwenye vigae vipya haliondoki, na mwenyeji atalitazama miaka mingi baada ya wewe kusahau jina la mtaa wake. Mnyororo usiupake oili barazani kwake; fanya kazi hiyo nje, ukiwa umekinga kwa boksi, maana gurudumu likizunguka oili huruka mpaka ukutani.

Ielekeze pikipiki ikitazama geti, uso mbele. Unaondoka asubuhi bila kusukumana, na usiku ukihitaji kuondoka huna kazi ya kugeuza.

Sasa onyo kubwa kuliko yote katika mwongozo huu: usiwashe injini ndani ya gereji au chumba, hata kwa dakika moja ya kusikiliza mlio, hata mlango ukiwa wazi. Moshi wa injini una kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo hupenya mpaka vyumba vilivyopakana na gereji. Inaua watu waliolala. Sukuma pikipiki nje, kisha uwashe. Kadhalika usiiegeshe karibu na mtambo wa kupashia maji wenye mwako wa gesi, kwa sababu mvuke wa petroli hutoka kwenye tangi, hutambaa chini, na unaweza kushika moto. Na ukipewa gereji iwe chumba chako cha kulala, usilale humo na jiko lililowaka.

Hatua ya 10: Ndani ya nyumba

Ingiza mfuko wako mdogo tu. Mabegi makubwa yabaki kwenye pikipiki yakiwa yamefungwa, au pale ulipoelekezwa. Nguo za kuendeshea zina vumbi, jasho na wadudu waliopigwa njiani, kwa hiyo zisikae kwenye kochi. Buti zilizolowa zijaze magazeti makavu na uziache nje ya mlango wa chumba. Badilisha magazeti kabla ya kulala, na asubuhi zitavalika.

Oga haraka, na ukimaliza acha bafu likiwa safi kuliko ulivyolikuta. Uliza kabla ya kuchaji vifaa vingi, maana kuna nyumba ambazo umeme wake ni wa betri za jua, na wewe una simu, powabenki, kamera na redio ya kofia, vyote vina njaa.

Halafu kaa nao. Mwenyeji wa namna hii hakukualika ili ujifungie na simu. Weka ramani mezani, onyesha ulikopita, muulize yeye alikozaliwa. Nimekutana na wasafiri wanaosimulia safari yao saa tatu mfululizo na kuondoka bila kujua mwenyeji wao anafanya kazi gani. Uliza mara mbili zaidi ya unavyosimulia.

Ukikaribishwa pombe nawe una kilomita mia tatu za kesho, sema hivyo tu: "Kesho naendesha." Kila mtu anaelewa.

Picha: omba ruhusa kwa kila mtu, na kwa watoto omba kwa wazazi. Usiweke hadharani picha inayoonyesha namba ya nyumba, geti au vitu vya thamani, wala alama ya mahali, hata baada ya kuondoka.

Hatua ya 11: Changia bila kumwaibisha

Wenye lugha walishasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa msafiri wa pikipiki ninashauri ulishike jembe siku ya kwanza. Osha vyombo. Menya, katakata, chota maji. Kuna baiskeli ya mtoto yenye mnyororo uliolegea? Una spana, ikaze. Kuna bawaba inayolia? Una oili.

Pesa mkononi huwakwaza wengi, na katika mitandao ya bure mwenyeji hatakiwi kutoza. Njia iliyo salama ni kwenda naye sokoni au dukani na kulipia mahitaji ya mlo mmoja. Kama nyumba ina hali ngumu na unaona wazi kwamba umekula sehemu ya watoto, nunua chakula kikavu cha kutosha zaidi ya ulichokula, ukabidhi kwa mama wa nyumba kama mzigo wa kawaida wa jikoni, bila hotuba.

Hatua ya 12: Kuondoka

Funga mizigo usiku. Asubuhi ibaki mswaki tu. Kunja matandiko, uliza yawekwe wapi. Ukiondoka alfajiri, sukuma pikipiki hadi barabarani na uiwashie huko. Majirani hawakuombwa kukukaribisha. Angalia sehemu iliyolala pikipiki, okota kibao na boksi.

Ondoka saa uliyosema. Kung'ang'ania mpaka mchana kwa sababu mazungumzo ni matamu kunamfanya mwenyeji achelewe shughuli zake huku akitabasamu.

Jioni ukifika unakoenda, mtumie neno kwamba umefika salama. Siku chache baadaye andika maoni ya kweli kwenye mtandao: taja yale yatakayomsaidia msafiri anayefuata, kama njia ya kuingia na mahali pa kuegesha, bila kueleza mali iliyomo ndani.

Ukikaribishwa njiani bila kupanga

Mialiko mizuri mara nyingi haipiti kwenye mtandao wowote. Umesimama kunywa maji, mtu anauliza unatoka wapi, na dakika ishirini baadaye anakuambia ulale kwake. Ukitaka, mkubali, ila omba kukutana na mkubwa wa nyumba kabla hujashusha mzigo. Kijana aliyekualika kwa furaha huenda hana mamlaka ya kukulaza.

Ukiwa wewe ndiye unayeomba, omba kidogo: pahali pa kupiga hema na maji ya kunawa. Mtu akitaka kukupa chumba, ataongeza mwenyewe. Fanya hivyo jua likiwa bado juu, angalau saa mbili kabla ya machweo, kwani mtu anayebisha hodi gizani kwa pikipiki nzito anatisha hata akiwa na nia njema. Kijijini, mfikie kiongozi wa eneo kwanza. Hapo kila mtu anajua wewe ni nani na umelala kwa nani, na hiyo ni ulinzi kwako na kwa aliyekulaza.

Mambo yakienda mrama

*Unahisi hauko salama.* Ondoka. Huhitaji ushahidi wala maelezo marefu. "Nimepata dharura, naondoka" inatosha. Tangi limejaa, pikipiki inatazama geti, funguo ziko mfukoni, pesa ya nyumba ya wageni ipo. Kwa dada zangu wanaosafiri peke yao: chagueni wenyeji wenye maoni mengi yaliyoandikwa na wanawake, pigeni simu ya video kabla, na mkifika mkakuta mpango si ule mlioambiwa, kwa mfano chumba kimoja badala ya viwili, geuzeni mlangoni kabla ya kushusha chochote.

*Mwenyeji hajibu siku ya kufika.* Piga simu mara mbili, subiri saa moja mahali penye watu, kisha nenda nyumba ya wageni na umjulishe uliko. Usimwandikie maneno makali. Mara nyingi ni mgonjwa ndani ya nyumba au simu iliyoharibika.

*Umechelewa na giza linaingia.* Usikimbize. Mjulishe kwamba utalala njiani na utapita kesho kumsalimia kama ataridhia.

*Pikipiki imekufa kwenye uwanja wake.* Mwambie siku hiyo hiyo tatizo ni nini na unadhani litachukua siku ngapi. Kama ni zaidi ya mbili, hamia nyumba ya wageni hata kama pikipiki inabaki kwake, ili akupe nafasi gerejini bila kukulisha wiki nzima. Usimwachie pikipiki na kupanda ndege kurudi nyumbani kabla ya kusoma kibali chako cha forodha: chombo kilichoingizwa kwa muda hufungamana na jina lako na tarehe ya kutoka, na tarehe ikipita pikipiki ikiwa kwake, unaweza kumwingiza kwenye kesi isiyo yake.

*Umevunja au kuchafua kitu.* Sema mwenyewe, mara moja, kabla hajakiona. Lipia au tafuta fundi siku hiyo.

*Anaomba pesa baada ya kukulaza bure.* Kama ni kiasi cha kawaida na hali yake unaiona, mpe na uendelee na safari. Kama ni kikubwa au kwa vitisho, toka kwanza, kisha utoe taarifa kwa wasimamizi wa mtandao.

*Umeugua.* Homa kali, kuharisha kusikokoma au maumivu ya kifua: mwombe akupeleke zahanati, usilale ukingoja kupona. Ukiwa mgonjwa wa kuambukiza, mwambie ukweli kabla hujaingia ndani.

*Umesahau kitu kwake.* Kama ni chaja au soksi, mwachie. Kama ni hati, simama ulipo, mpigie ahakikishe ipo, na urudi mwenyewe kuichukua; usimtwike kazi ya kutuma pasipoti yako kwa basi.